Seli Zinazokataa Kufa: Helikobakta na Matumbo ya Walungu

Huko Walungu, kwenye milima ya Kivu nchini Kongo, mtu mzima akianza kukonda, akashika tumbo kila baada ya kula, akatapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa, neno la kwanza linalosemwa uani ni karuho. Amepewa sumu. Kisha huanza hesabu ya watu: nani alimkaribisha pombe ya kasiksi wiki ile, nani anadaiwa naye shamba, shemeji gani hakuonekana matangani. Huitwa mtu wa miti shamba anayejua kutapisha, na mgonjwa hutapishwa mara mbili, mara tatu. Siku anapofikishwa hospitalini, nyumba mbili zimekwisha kuacha kusalimiana, na tumbo lake bado halijatazamwa na yeyote anayejua kilichomo.

Siandiki haya ili kuwabeza wazee wetu. Katika neno hilo la sumu wamegusa ukweli kuliko wanavyodhani. Mara nyingi sumu ipo kweli, inapikwa ndani ya tumbo usiku na mchana, na mpishi wake ni bakteria mwenye umbo la parafujo aitwaye helikobakta pailori, aliyeingia kinywani mwa mgonjwa zamani, alipokuwa bado mtoto. Silaha yake mojawapo ni protini ambayo wanasayansi huiita sumu bila kusitasita, na kazi yake ni kuua seli za utando wa ndani wa tumbo. Watu wengi waliosoma kidogo habari za bakteria huyu huishia hapo: anaua seli, tumbo linapata kidonda. Mimi naona hadithi inaanzia hapo. Seli zinazouawa huleta maumivu; zinazoleta msiba ni zile zinazofika mahali zikakataa kufa.

Tumbo lenye afya limejaa vifo. Utando wake wa ndani huoga tindikali kali mchana kutwa, na seli za juu kabisa hazidumu hapo ila siku chache. Hufa, hubanduka, na nafasi yake huchukuliwa na seli changa zinazopanda kutoka ndani ya vishimo vya tezi. Anayelima migomba anaijua picha hii bila darasa: magome ya nje hukauka na kuning'inia, huku jani jipya likisukumwa kutoka katikati ya shina. Hakuna anayesema mgomba unaumwa kwa sababu gome la nje limekauka. Uzima wake uko kwenye ulinganifu, yaani kinachokauka kisizidi kinachochipua, na kinachochipua kisizidi kinachokauka.

Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walikipa kifo hicho jina la apoptosisi, neno la Kigiriki la majani yanayopukutika mtini. Kinatofautiana na kifo cha ajali. Seli iliyoungua au kukosa hewa hupasuka, hutapanya vilivyomo, na majirani huwaka kwa uvimbe. Seli inayokufa kwa apoptosisi hujikunja, hukata vinasaba vyake vipande vipande, hujifungasha katika vifurushi vidogo, na seli za jirani huvimeza kimyakimya. Kifo hiki kina kazi nyingine iliyo nzito zaidi. Seli ambayo vinasaba vyake vimeharibika kiasi cha kutotengenezeka inatakiwa kujiua kwa njia hiyohiyo kabla haijazaa. Protini iitwayo p53 ni mmoja wa watoao amri hiyo. Kila siku mwili wa mtu mzima unaokolewa na utii wa seli mbovu zinazokubali kuondoka.

Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba hakuna kiumbe kinachoweza kuweka makao katika tindikali ya tumbo, na vidonda vilisingiziwa pilipili, mawazo na hasira. Huko Perth, Australia, Robin Warren aliona katika hadubini viumbe vilivyojipinda, tena mahali palepale palipokuwa na uvimbe, na daktari kijana Barry Marshall akaungana naye. Mwaka 1982 walifaulu kuwaotesha kwa sababu sahani za maabara ziliachwa muda mrefu kuliko kawaida wakati wa Pasaka. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mchuzi wa bakteria hao na baada ya siku chache akaugua gastriti, yaani uvimbe wa utando wa tumbo. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilimweka helikobakta katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na mwaka 2005 Warren na Marshall walipewa tuzo ya Nobel.

Namna anavyoishi mahali pale ni ufundi mtupu. Ana kimeng'enya kiitwacho yurease, kinachovunja yurea kuwa amonia, na amonia hiyo huzimua tindikali inayomzunguka. Kwa mikia yake huchimba ute mzito unaofunika utando, akajificha chini yake. Wengi wao huelea katika ute. Wachache hujishikiza kwenye seli zenyewe, na hao wachache ndio tutakaorudi kwao. Bakteria hawa wamekuwa nasi tangu kale. Mwaka 2007 watafiti waliolinganisha vinasaba vya bakteria kutoka mabara mbalimbali walionyesha kwamba binadamu walipotoka Afrika Mashariki, yapata miaka 58,000 iliyopita, walikwenda nao tumboni.

Sasa tuangalie anauaje.

Njia ya kwanza ni ile sumu. Inaitwa VacA, na Timothy Cover na Martin Blaser waliitenga mwaka 1992 kule Marekani. Ikimwagwa karibu na seli hujipachika kwenye ukuta wake na kufungua matundu, na seli hujaa mapovu ndani kama uji unaochemka. Sehemu ya sumu husonga mbele hadi kwenye mitokondria, yale majiko madogo yanayoipa seli nguvu. Jiko likitobolewa, protini ya sitokromu c huvuja, na kuvuja kwake ndiko kunakowasha vimeng'enya vya kaspasi ambavyo huikatakata seli kutoka ndani. Kwa hiyo bakteria havunji nyumba kwa nyundo. Anaingia jikoni na kuwasha mtambo wa kujiua ambao seli yenyewe ilizaliwa nao.

Njia ya pili ni kemikali: ile amonia iliyomsaidia kuishi huzichoma seli za jirani, na askari wa damu waliokimbilia pale humwaga viini vikali vya oksijeni ambavyo havichagui bakteria na mwenyeji.

Njia ya tatu inanihuzunisha zaidi ya hizo. Kinga ya mwili humtambua helikobakta, ikatuma seli za T. Hizi hutoa ishara za kemikali, mojawapo ikiwa interferoni gama, na seli za tumbo zikipata ishara hizo huanza kuvaa kwa wingi kipokezi kiitwacho Fas. Fas ni kitasa cha mlango wa kifo, na ufunguo wake zinao hizohizo seli za T. Bakteria amejificha chini ya ute, hafikiwi. Anayefikiwa ni mwenye nyumba. Seli za tumbo hufa mikononi mwa jeshi lililokuja kuziokoa. Watu wa Kivu hawahitaji kuelezwa kirefu maana ya walinzi wanaomuumiza yule waliyetumwa kumlinda. Na jeshi hilo halirudi kambini: kwa kuwa adui haondoki, vita hii huendelea miaka arobaini, hamsini.

Haya si ya kwenye chupa za maabara tu. Mwaka 1996 Steven Moss na wenzake walichukua vipande vya matumbo ya watu, wakahesabu seli zilizokuwa zikifa. Kwa wenye bakteria, idadi ilikuwa mara kadhaa ya ile ya wasio naye. Walipotibiwa na bakteria akatoweka, vifo vilishuka, vikakaribia kiwango cha kawaida. Nitairudia habari hii hapo chini, kwa sababu ndiyo habari njema kuliko zote katika mambo haya.

Mambo yangekuwa haya peke yake, helikobakta angekuwa mwuaji wa seli, mleta vidonda, basi. Lakini baadhi ya bakteria hawa wana silaha ya pili inayofanya kinyume. Wana kitu kama sindano ndogo, na kwa sindano hiyo wale waliojishikiza kwenye utando huchoma ndani ya seli protini iitwayo CagA. Ikishaingia, vimeng'enya vya seli yenyewe huibadilisha, nayo hukamata protini iitwayo SHP2, kama walivyoonyesha Masanori Hatakeyama na wenzake huko Japani mwaka 2002. Seli hupoteza umbo, hunyooka, huachiana mikono na majirani, hupata amri ya kugawanyika. Utafiti mwingine wa mwaka 2011 ulionyesha CagA ikiingilia kazi ya p53, hata yule mtoa amri akanyamazishwa na kuharibiwa. Sumu moja inasema, kufa. Nyingine inasema, usife.

Mwaka 2009 watafiti walionyesha jambo lililonifanya niwaze siku nyingi: VacA na CagA huzuiana. Seli iliyochomwa CagA hustahimili VacA. Ukifikiri kidogo utaona busara ya bakteria. Anamwaga sumu kwa mbali apate chakula na nafasi, lakini ile seli anayoning'inia, ile ardhi aliyojengea, anailinda isife chini ya miguu yake. Anaua mtaa, anahifadhi chumba alicholala.

Kwa mgonjwa, hifadhi hiyo ni balaa. Richard Peek na wenzake waliwalinganisha wagonjwa mwaka 1997 na kuona kwamba waliobeba aina yenye CagA walikuwa na seli zinazozaliana kwa wingi bila vifo vinavyolingana na uzazi huo, ilhali kwa wale wa aina isiyo na CagA vifo na uzazi vilikuwa vimekaribiana. Panya wa Mongolia walioambukizwa kwa makusudi walionyesha mpangilio uleule kwa wakati: majuma ya mwanzo vifo hupanda, kisha hushuka, na uzazi wa seli hubaki juu.

Ninamwomba msomaji asimame nami hapa kidogo, maana hapa ndipo kidonda kinapoachana na saratani. Kila seli inayokufa lazima ilipwe kwa seli mpya. Vifo vikizidi, viini vya uzazi ndani ya tezi hufanyishwa kazi bila kupumzika, na kila mgawanyiko ni kunakili upya kitabu kizima cha vinasaba, tena ndani ya moshi wa viini vya oksijeni vinavyochafua maandishi. Makosa huongezeka. Katika tumbo lenye utii, seli yenye kosa kubwa hujiua. Katika tumbo lililochomwa CagA miaka mingi, baadhi hazijiui. Zinabaki na makosa yao, zinazaa, na watoto wao wanaongeza makosa mapya.

Mwanapatholojia Pelayo Correa wa Kolombia aliichora safari hiyo mwaka 1975, kabla bakteria mwenyewe hajajulikana. Huanza gastriti ya kudumu. Kisha tezi hukonda na kupotea, tindikali ikapungua. Kisha utando wa tumbo hujisahau, ukaanza kufanana na utando wa utumbo mdogo. Baadaye seli huvurugika mpangilio, na mwishoni ni saratani. Safari huchukua miongo, na wengi walioianza hawafiki mwisho wake. Karibu nusu ya binadamu wamewahi kuhesabiwa kuwa na helikobakta, na wengi wao huzikwa kwa sababu nyingine kabisa. Lakini mwaka 2001 Naomi Uemura na wenzake walitoa matokeo ya Wajapani 1,526 waliofuatiliwa karibu miaka minane. Kati ya 1,246 wenye bakteria, 36 walipata saratani ya tumbo. Kati ya 280 wasio naye, hakupata hata mmoja.

Turudi vilimani. Teritwari ya Walungu, pamoja na uchifu wake wa Ngweshe na Kaziba, inaanzia kusini magharibi mwa Bukavu na kupanda milima ya Bushi inayopita mita 2,000. Kaskazini, upande wa ziwa, iko Katana na hospitali yake ya siku nyingi iliyoanzishwa chini ya FOMULAC, mfuko wa tiba wa Chuo Kikuu cha Louvain. Hapo Katana, madaktari walihesabu saratani zilizofika hospitalini kuanzia 1983 hadi 1986, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Youri Glupczynski, L. Bourdeaux na wenzao wakachapisha uchunguzi wa helikobakta kwa endoskopia, yaani mrija wenye kamera unaoingizwa tumboni, na kwa kipimo cha pumzi katika Kivu ya vijijini. Bakteria alikuwa katika matumbo ya sehemu kubwa ya waliopimwa. Na saratani ya tumbo haikuwa jambo la nadra: Kivu, pamoja na Rwanda na Burundi jirani, ilikwisha kujulikana kama sehemu ya Afrika ambako ugonjwa huo huonekana zaidi ya mahali pengine.

Naitaja Katana kwa sababu mwaka 1992 jarida moja la Uingereza lilichapisha makala ya daktari C. Holcombe, aliyefanya kazi Maiduguri, kaskazini mwa Nigeria, kuhusu kile alichokiita kitendawili cha Afrika: bakteria ni wengi, saratani ya tumbo ni chache. Neno hilo lilienea, na mpaka leo kuna wanaolirudia kana kwamba bara zima ni Maiduguri. Ukweli wa nyanda za joto usifanywe ukweli wa milima yetu. Kwenye miinuko ya Afrika Mashariki na Kati kitendawili hicho hakipo. Hospitali ya Tenwek kule Bomet, Kenya, huwaona wagonjwa wa saratani ya tumbo. Miteremko ya Kilimanjaro na kusini magharibi mwa Uganda imetajwa kwa ugonjwa huo miaka mingi. Huko Butare, Rwanda, waliofanyiwa endoskopia na kupimwa, karibu robo tatu walikuwa na helikobakta. Na pale ambapo saratani ilionekana kuwa chache, sehemu ya uchache huo ilitokana na uchache wa mashine za kuitafuta, na watu waliokufa mapema kwa malaria na kuhara kabla tumbo halijamaliza safari ya Correa.

Mbona milimani, basi? Mfano ulioelezwa vizuri kuliko yote uko Nariño, Kolombia. Wakazi wa Túquerres, milimani, hupata saratani ya tumbo mara 25 hivi zaidi kuliko wa Tumaco, pwani, ingawa helikobakta wako kote kuwili karibu kwa kila mtu. Maelezo mawili hutolewa. La kwanza linahusu minyoo. Watoto wa pwani wana minyoo mingi zaidi, na minyoo huielekeza kinga upande mwingine, ikapunguza ule moto wa interferoni gama unaovisha seli vitasa vya Fas. Mwaka 2000 James Fox na wenzake walilionyesha hilo kwa panya: wenye minyoo na helikobakta pamoja, utando wao wa tumbo haukukonda kama wa wenye helikobakta pekee. La pili linahusu ukoo wa bakteria na ukoo wa mtu. Bakteria aliyeishi na ukoo mmoja maelfu ya miaka humchokoza kidogo. Akihamia kwa wageni huwaumiza zaidi. Milimani Kolombia, Waamerika wa asili wamebeba bakteria waliotoka mabara mengine.

Kwangu, maelezo hayo mawili hayatoshi kwa Bushi. Minyoo ya askarisi haijawaacha watoto wa vilimani, iwe kwetu au ng'ambo Rwanda. Na Mushi, mtu wa Bushi, hakumpata bakteria wake kwenye meli ya Wahispania. Mababu zake na bakteria wao wamekaa pamoja katika ukanda huuhuu. Inabidi kutazama vitu vingine: aina za bakteria zenye sindano, chakula cha muhogo na maharage siku baada ya siku na matunda machache ya kulinda vinasaba, chumvi, pombe kali ya kienyeji, na umri mdogo mno wa kuambukizwa katika nyumba ambamo watu wanane wanalala chumba kimoja na maji yanachotwa mbali. Walungu yenyewe ingefaa kuwa maabara ya swali hili. Kamanyola, katika bonde la Ruzizi lenye joto, iko karibu mita 1,000 tu juu ya bahari. Ukipanda mteremko wa Ngomo kuelekea Nyangezi, kisha ukaendelea hadi Burhale, umebadilisha hewa, mazao na baridi bila kutoka katika teritwari moja, kwa watu wenye lugha moja na nasaba moja. Chuo Kikuu Katoliki cha Bukavu na kituo cha utafiti cha Lwiro viko karibu. Ningependa kuona vipande vya matumbo ya Kamanyola na ya Burhale vikiwekwa chini ya hadubini moja, seli zinazokufa zikihesabiwa upande huu na upande ule.

Utafiti huo hauhitajiki ili mgonjwa wa leo atibiwe, na hapa nataka kusema kwa upole lakini waziwazi yale yanayoenda mrama.

La kwanza ni kipimo. Katika farmasi nyingi hupimwa damu ya kidoleni. Kipimo hicho huonyesha kinga iliyotengenezwa, na kinga hubaki hata baada ya bakteria kuondoka. Hakiwezi kumwambia mtu kama amepona. Kipimo cha kinyesi kinachotafuta chembe za bakteria mwenyewe, au cha pumzi, ndicho kinachoaminika. Navyo hudanganyika iwapo mgonjwa amekunywa omeprazoli katika wiki mbili zilizopita, au antibiotiki katika wiki nne. Mwenye dalili za hatari, yaani kukonda, kutapika damu, choo cheusi, chakula kukwama, kushiba kwa vijiko viwili, huyo asizungushwe kwa vipimo vidogo. Anahitaji endoskopia, na mashine ziko Bukavu.

La pili ni dawa. Tiba ni omeprazoli pamoja na antibiotiki mbili, na pengine dawa ya bismathi ikiongezwa, kwa siku 14. Helikobakta hafi kwa dozi ya siku nne. Kwenye soko la Mugogo na penginepo watu wamezoea kununua vidonge vichache vya Flagyl kila tumbo linapouma, wakiamini ni amiba, na kwa mazoea hayo tumewafundisha bakteria kuizoea metronidazoli, dawa iliyomo katika vidonge hivyo. Evariste Tshibangu-Kabamba wa Mbuji-Mayi, akishirikiana na Yoshio Yamaoka wa Japani, amesoma vinasaba vya helikobakta waliochukuliwa kwa wagonjwa wa Kongo na kuonyesha usugu huo dhidi ya dawa kadhaa. Tangu Bukavu ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025 na benki kufungwa, kumaliza siku 14 za dawa kumekuwa mzigo hata kwa aliyezoea kuumudu. Ninaielewa hali hiyo. Hata hivyo, ni afadhali familia ichange kwanza dozi yote ndipo mgonjwa aianze, kuliko kuianza na kuikatiza.

La tatu ni diklofenaki, aspirini na ibuprofeni zinazouzwa moja moja kwa maumivu ya mgongo wa kulima. Hupunguza ute unaolinda tumbo. Kwa mwenye helikobakta, ni kumvulia adui ngao.

Na sasa ile habari njema. Bakteria akiondolewa, vifo vya seli hushuka, kama alivyoona Moss. Uvimbe hupoa, kidonda hupona na kwa kawaida hakirudi. Lakini kuna mahali katika safari ya Correa ambapo kurudi ni vigumu. Katika jimbo la Fujian, China, watu 1,630 wenye helikobakta waligawanywa makundi mawili, wengine wakapewa dawa, wengine dawa bandia, wakafuatiliwa miaka saba na nusu. Kwa ujumla tofauti ya saratani haikuwa kubwa. Walipotazamwa wale tu ambao utando wao ulikuwa bado haujabadilika mwanzoni, matokeo yalikuwa haya: waliotibiwa, hakuna aliyepata saratani, wasiotibiwa, sita walipata. Dawa ilizikuta seli zikiwa bado zinatii.

Kwetu wengi huja seli zao zimekwisha kuacha kutii. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ilipochapisha mwaka 2012 habari za wagonjwa wake 232 wa saratani ya tumbo, zaidi ya tisa kati ya kumi walikuwa wamefika ugonjwa umekomaa, na mpasuaji hana tena cha kufanya ila kupunguza mateso. Sioni sababu ya Walungu kuwa afadhali kuliko Mwanza, yenye barabara nzuri zaidi na hospitali kubwa zaidi. Na kila mwezi ambao mgonjwa wetu anautumia kutapishwa karuho unatolewa katika muda mchache aliokuwa nao. Kule kutapika kwenyewe huchubua utando ambao tayari unakufa.

Kwa hiyo nina ombi kwa wazee wa vijiji, wachungaji na mapadri wa Ngweshe na Kaziba, maana nyinyi ndio mnaoitwa kabla ya daktari. Mtu wa miaka arobaini na zaidi akiletwa kwenu anakonda na analalamikia tumbo, msikae kikao cha kumtafuta aliyempa sumu. Mpelekeni kwanza hospitali kuu ya Walungu au ya Kaziba, na daktari akisema Bukavu, mchange nauli siku hiyohiyo. Na kama baba, mama au ndugu yako wa tumbo moja alikufa hivyo, hata kama mlimzika mkisema ni karuho, jipime wewe, na upime watoto wako wakubwa, kabla tumbo halijaanza kuuma.